Leza, Probu na Mshono Ulio Kati Yake: Mwongozo wa Kuitambua Kazi Nzuri ya Vipimo

Ripoti ya vipimo yenye picha ya rangi ina mvuto wake. Kipande kizima kinaonekana kwenye skrini, kijani pale kilipofuata mchoro, chekundu pale chuma kilipozidi, buluu pale kilipopungua, na hata mtu ambaye hajawahi kushika maikromita anahisi ameelewa kila kitu. Wengi hutazama kijani, hutia saini, hulipa. Mimi picha hiyo huitazama mwisho. Kabla yake nataka kujua jambo moja: vipimo vya leza na vipimo vya probu vimeunganishwa vipi? Mashine za siku hizi, kila moja kwa kazi yake, ni nzuri. Kazi huharibikia kwenye mshono.

Tuchukue kipande kimoja tukae nacho: impela ya bronzi ya pampu ya maji, kipenyo chake milimita 300. Ni kitu ambacho hulazimika kusubiwa upya, maana mchanga huyala mapezi, na pengine mtengenezaji wa awali alishafunga kiwanda. Impela moja ina tabia mbili. Mapezi yake yamepinda, yametoka kwenye kalibu na ngozi ya kukwaruza, na mchoro huyavumilia yakipotoka hata nusu milimita. Tundu la shafti limekerezwa, na mchoro unasema milimita 40 kwa daraja la H7. Maana yake tundu lisipungue 40.000 wala lisizidi 40.025. Ruhusa yote ni mikroni 25, ndogo kuliko unene wa unywele.

Mapezi ni ya leza. Kichwa cha skana hutupa mstari wa mwanga juu ya kipande, na kamera iliyokaa kwa pembe huangalia mstari unavyopinda. Kwa hesabu ya pembetatu, kila sehemu ya mstari inageuka kuwa nukta yenye mahali pake. Kwa sekunde moja unapata maelfu kwa maelfu ya nukta. Hakuna probu inayoweza kulieleza pezi namna hiyo. Ukiona ripoti ya mapezi yaliyosubiwa iliyojengwa juu ya miguso kumi na miwili kwa kila pezi, ujue mkaguzi amepima mahali alipogusa tu. Kalibu iliyosogea au uvimbe ulioachwa na mchanga wa kalibu huweza kukaa katikati ya miguso miwili bila kujulikana. Tena probu hurekodi kitovu cha kigololi chake, si mahali hasa kilipogusa. Programu lazima ikisie uso umeelekea wapi ndipo itoe nusu kipenyo cha kigololi. Kwenye uso bapa hilo ni rahisi. Kwenye pezi lililopinda, ikikosea mwelekeo, kipimo nacho kinakosea.

Tundu ni la probu, na hapa sina mjadala. Probu ya kugusa ilibuniwa na David McMurtry mwaka 1972 akiwa Rolls-Royce, walipohitaji kupima mabomba ya mafuta ya injini ya Olympus iliyorusha ndege ya Concorde. Ndani yake kuna vijiti vitatu, kila kimoja kimekaa juu ya jozi ya vigololi, vikikandamizwa na springi. Ncha yenye rubi ikigusa chuma, kikao kile kinavurugika, mkondo wa umeme unabadilika, na mashine inasoma papo hapo ilipo. Ncha ikiachiwa, vijiti hurudi mahali pao palepale. Uzuri wa kifaa hiki ni huko kurudi. Kwenye mashine ya viwianishi, ile ambayo mafundi huiita CMM, ndani ya chumba chenye joto lililotulia, probu hupima tundu kwa shaka ya mikroni chache.

Leza ikiingizwa kwenye tundu hilohilo, mambo huwa mengine. Bronzi iliyokerezwa inang'aa, mwanga unaruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kamera inaona mstari ambao haupo. Fungua wingu la nukta, sogeza picha hadi mdomoni mwa tundu: utaona nukta zinaelea hewani, kama pazia jembamba linaloning'inia kutoka kwenye ukingo. Hizo zimezaliwa pale nusu ya mwanga ilipoanguka juu ya ukingo na nusu ikatumbukia ndani. Programu huzifagia, nayo hufagia kwa kukisia. Halafu skana nyingi za mkononi na zile za kufungwa kwenye mkono wenye viungo zina makosa ya makumi ya mikroni, sawa na ruhusa yote ya tundu letu au zaidi. Kwa hiyo ripoti ikinitajia kipenyo cha tundu la H7 kilichotoka kwa skana ya namna hiyo, hata kama kimeandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta, naifunga.

Hata ya probu isikubaliwe kwa macho yaliyofumbwa. Miguso mitatu hutosha kuchora duara, na daima hulichora bila kosa, kwa kuwa nukta tatu zozote zisizo kwenye mstari mmoja nyoofu huwa na duara linalopita kwenye zote. Ukiona umeandikiwa kwamba mviringo wa tundu umepotoka kwa 0.000, uliza lilipimwa kwa miguso mingapi. Sababu ni hii: kitovu cha impela kikiwa chembamba na fundi amekibana kwa meno matatu ya chaki ya mashine ya kukereza, atakereza tundu duara kamili, lakini akilegeza meno, chuma kinarudi kilikotoka na tundu linabaki na mbonyeo tatu usizoziona. Kifaa cha kupima kwa ncha mbili zinazotazamana huzunguka humo ndani kikisoma karibu kipenyo kilekile kila upande, maana palipovimba pametazamana na palipobonyea. Miguso mitatu ikiangukia kwenye mbonyeo zote tatu, nayo hudanganywa. Mingi zaidi, iliyosambazwa kuzunguka tundu katika vina viwili au vitatu, ndiyo inayofichua. Mkaguzi aliyekomaa huandika idadi ya miguso bila kuombwa. (Na kama kipande ni cha alumini na ncha inaburuzwa badala ya kugusa na kuachia, hubadili rubi akaweka ncha ya silikoni naitraidi, kwa kuwa alumini hujipaka kwenye rubi.)

Sasa mshono wenyewe. Leza na probu hazianzii hesabu mahali pamoja: moja hujua kitovu cha kigololi, nyingine hujua umbali kutoka kwenye kamera yake. Ili nukta zake zote zikae kwenye ramani moja, vichwa vyote viwili hupimishwa tufe moja la seramiki lililofungwa mezani. Mjuzi huchagua tufe lisilong'aa, kwa kuwa lile linalometa, ambalo probu hailijali, huichanganya leza. Akimaliza, hulinganisha kitovu cha tufe kilivyopatikana kwa mguso na kilivyopatikana kwa mwanga. Tofauti ya vitovu hivyo viwili ndiyo upana wa mshono, na ndiyo namba ya kwanza ninayoiomba. Kuna hata kiwango cha kimataifa kwa mashine zenye vichwa zaidi ya kimoja, ISO 10360 sehemu ya 9, cha mwaka 2013. Mkaguzi asiyekijua anaweza bado kuwa hodari, lakini asiyeweza kuitaja namba ya mshono wake hajawahi kujiuliza.

Ombi la pili ni sehemu moja ya kipande iliyopimwa kwa vyote viwili. Kwa impela yetu ningechagua uso wa nyuma uliokerezwa. Probu inasema bapa lake liko hapa, leza inasema liko pale. Zikipishana kwa kiasi ambacho skana yenyewe inajulikana kukosea, tumeelewana. Zikipishana kwa sehemu ya kumi ya milimita, kuna kitu: kichwa kimegongwa baada ya kupimishwa tufe, kipande kimesogea kwenye vibanio, au kuna poda.

Poda hii ina mambo yake. Uso unaong'aa hupuliziwa vumbi jeupe ili leza iuone, na vumbi hilo lina unene. Mkono mzito huongeza makumi ya mikroni, tena kwa mawimbi, hapa nene pale nyembamba. Zipo za kuyeyukia hewani zenyewe baada ya muda, ambazo ni ghali na ni nzuri. Kwangu muhimu zaidi ni mpangilio wa kazi: gusa kwanza, pulizia baadaye. Ukiingia chumbani ukakuta impela nyeupe pee imekaa chini ya probu, hapo kuna fundi wa skana aliyeazimwa probu.

Halafu kipande hugeuzwa. Leza haioni upande wa chini, kwa hiyo mawingu mawili ya nukta lazima yaunganishwe, na huu ni mshono wa pili ambao ripoti nyingi huukalia kimya. Kosa lake huingia moja kwa moja kwenye unene. Mawingu yakisogea kwa sehemu mbili za kumi za milimita kwenye mhimili, sahani ya nyuma ya impela itaonekana imenenepa au imekonda kwa kiasi kilekile kila mahali, na mwenye kiwanda cha kusubu atalaumiwa bure. Dawa yake ni rahisi mno kiasi cha kudharauliwa: chukua maikromita ya mkononi, pima unene wa sahani mahali pamoja, linganisha na picha.

Ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote ni kipande kimeegemezwa wapi kabla ya rangi kupakwa. Programu zote zina kitufe cha kulilaza umbo lililopimwa juu ya mchoro kwa namna ambayo tofauti zote kwa jumla zinakuwa ndogo iwezekanavyo. Ni kitufe kizuri kwa kazi ya kwanza, pale unapotaka kujua kama chuma kilichosubiwa kina nyama ya kutosha kukerezwa. Kwa hukumu ya mwisho ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Fikiri impela ambayo mapezi yake yote yamesogea milimita 0.8 kutoka kwenye mhimili wa tundu. Mapezi yana mamilioni ya nukta, tundu lina chache. Programu inawafuata walio wengi: inalaza mapezi juu ya mapezi, kila pezi linageuka kijani, na kosa lote linarundikwa kwenye tundu, mahali ambapo leza haikuona vizuri na picha imeacha kijivu. Impela hiyo ikifungwa kwenye shafti itayumba, itasugua pete zake, na beringi zitakuwa za kwanza kulia.

Fundi anayejua hufanya kinyume. Huchukua mhimili wa tundu kutoka kwa probu, uso unaokaa kwenye bega la shafti kutoka kwa probu, na mfereji wa kii kutoka kwa probu ili kuzuia mzunguko. Akishafungia kipande hapo, kama pampu itakavyokifunga, ndipo huyaleta mapezi ya leza. Picha itakayotoka haitapendeza. Upande mmoja mwekundu, upande wa pili buluu, na ukiitazama tu unajua kalibu iliwekwa upande. Wajuzi zaidi utawatambua kwa swali jingine wanalouliza: kipi kitangulie, mhimili au uso? Tundu likiwa refu kuliko upana wake, mhimili ndio unaotawala. Likiwa fupi na uso ni mpana, uso ndio utakaoamua impela isimame vipi, na mhimili unafuata. Ripoti isiyotaja mpangilio huo haijasema kitu, hata iwe na kurasa arobaini.

Kuhusu joto nitasema kifupi. Vipimo vya urefu vya viwandani kwa kawaida hurejewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Bronzi hurefuka kwa takriban mikroni 18 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo impela yetu ikipimwa karakana ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32, kipenyo cha nje kimekua kwa mikroni 65 hivi. Mapezi hayajali. Tundu la milimita 40 limekua kwa karibu mikroni 9, theluthi ya ruhusa yake. Ripoti itaje joto la kipande, si la chumba tu, na itaje tufe na vipimo vya marejeo vimehakikiwa na nani, mnyororo ambao kwa Kenya hupitia KEBS na kwa Tanzania hupitia TBS.

Tundu likisomeka 40.023 na shaka ya kipimo ni mikroni 4, je, limepita? Namba iko ndani, lakini ukweli unaweza kuwa 40.027. Kiwango cha ISO 14253-1 kinasema anayetaka kuthibitisha kwamba kipande kimefaa atoe shaka yake kwenye ruhusa kwanza. Kwa hiyo hapa hajathibitisha. Mkaguzi mwoga huandika "limepita". Mzuri huandika kwamba haiwezekani kuamua kwa mashine hii, akapendekeza lipimwe kwenye nyingine au mteja aamue mwenyewe. Lipa ripoti ya namna hiyo hata kama inakuudhi, na udai pia faili ya nukta ghafi, kabla hazijafagiwa, ili mtu mwingine aweze kuuliza maswali haya upya. Na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, kwenye impela mimi ningekata leza, nikabaki na probu kwa tundu, uso na mfereji. Pezi lenye uvimbe hupunguza maji kidogo, na fundi anaweza kulisugua kwa mashine ya mkononi. Tundu lililozidi halirudi bila kujazwa chuma na kukerezwa upya.