Unkindest: katili, au asiye na undugu?

Wapo wanaoona kosa la sarufi kwenye hotuba ya Antony katika Julius Caesar ya Shakespeare. Antony ameshika joho la marehemu, anawaonyesha Warumi matundu ya visu. Akifika kwenye tundu la Brutus anatumia neno unkindest, tena analitanguliza na most. "Kupita yote" mara mbili! Leo mwalimu wa Kiingereza angelipiga kalamu nyekundu.

Mimi nalitetea. Tamthilia hii ni ya mwaka 1599 hivi, na Waingereza wa enzi hizo walirundika most juu ya -est bila aibu. Makatazo yalishika nguvu karne ya 18, kwa watu kama Robert Lowth na kitabu chake cha sarufi cha 1762. Na sisi tushangae nini? Kila siku tunasema "mbaya kabisa kuliko yote", wala hakuna anayetukamata.

Ila utamu wenyewe uko kwenye mzizi. Siku hizi kind ni mtu mwema, mwenye huruma, kwa hiyo unkindest tunaisoma "katili kuliko wote". Zamani kind lilihusu kitu cha asili, cha kuzaliwa nacho, na lina nasaba na kin, yaani ukoo. Unkind basi ni kwenda kinyume na maumbile na undugu. Enzi za Shakespeare maana zote mbili zilikuwa hai.

Sasa hebu rudi kwenye joho. Visu vilikuwa vingi, na Casca ndiye aliyetangulia kuchoma. Mbona kinachouma ni cha Brutus? Kwa sababu kimetoka kwa mtu aliyependwa.

Magazeti ya Uingereza huyatumia maneno haya hata serikali ikipunguza bajeti, maana cut ni kukata na pia kupunguza. Hapo undugu umeshatoka, umebaki mzaha.

Ndiyo maana kwangu "katili" peke yake ni tafsiri pungufu. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia hii 1963, akairudia na kuitoa upya 1969. Kazi ya namna hii haiishi kwa mkupuo mmoja. Mimi ningeanzia kwenye methali yetu: kikulacho ki nguoni mwako. Na Antony ameshika nini mkononi, kama si nguo?