Mlinzi na Mzururaji katika Senema ya Mwanza

Picha ya senema ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, yautazama mji wa Mwanza kwa jicho kali. Minofu ya sangara yapakiwa ndegeni kwenda Ulaya. Maskini wabaki na mapanki. Usiku, mlinzi wa taasisi ya uvuvi ashika upinde na mishale ya sumu kwa ujira wa dola moja, mahali alipouawa mlinzi aliyemtangulia. Hapo picha yasema kweli kubwa: maskini huajiriwa amzuie maskini mwenziwe.

Lakini watoto walalao barabarani waonyeshwa njaa na gundi tu. Sheria iliyo juu ya vichwa vyao haielezwi. Kanuni ya Adhabu, iliyoletwa na Waingereza, ilimhesabu kuwa mkosaji hata mtu ashukiwaye, asiye na njia dhahiri ya riziki. Kwa sheria hiyo umaskini wenyewe huwa ushahidi, na mchuuzi au mpagazi hana budi kujieleza kabla ya kutenda kosa. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zapingana na Mkataba wa Afrika.

Picha iliyoona mishale isione sheria imeonyesha nusu ya ulinzi.