Presha ya Turbo Isiyotulia: Kontrola Ichunguzwe Mwisho

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, injini ya EJ205 ya lita 2.0 yenye turbo ya TD04, lililoingia Nairobi likiwa mtumba kutoka Japani, kisha likafungwa kontrola ya turbo ya kielektroniki. Mwenyewe alitaka ishike bar 1.0. Asubuhi kwenye baridi geji iliruka hadi 1.25, ikaanguka, ikapanda tena, sindano ikiyumba hadi aachie mafuta. Mchana, baada ya foleni na jua, iliishia 0.75 na gari likawa zito mlimani. Kwenye gia ya kwanza haikulifikia lengo hata mara moja.

Kabla gari halijafika kwetu ilikuwa imeguswa kontrola peke yake. Fundi mmoja aliongeza geini, yaani ukali wa kontrola katika kujirekebisha. Mwingine akaipunguza na kupandisha kiwango cha msingi cha solenoidi, vali ya umeme inayoendeshwa na kontrola. Kila mmoja aliihamisha dalili kutoka saa moja ya siku hadi nyingine. Nasisitiza jambo hili kwa sababu naliona mno kwenye gari za turbo: kontrola ina skrini na vitufe, kwa hiyo ndiyo inayoshikwa kwanza. Lakini kontrola ni ya mwisho kwenye mnyororo. Yaliyo nyuma yake yakiwa mabovu, namba zake hazina maana.

Tuanze na kazi ya kila kifaa. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, na isipozuiwa itaendelea kusukuma hewa hadi injini iharibike. Kizuizi ni westigeti, kifuniko kidogo kinachofunguka na kuupitisha moshi kando bila kugusa tabini, gurudumu la turbo linalosukumwa na moshi. Kifuniko hicho husukumwa na fimbo inayotoka kwenye kopo lenye kiwambo na springi. Presha ya kompresa, upande wa turbo unaosukuma hewa, huingia ndani ya kopo kwa mpira mwembamba. Ikiishinda springi, kifuniko hufunguka. Springi basi ndiyo inayoweka presha ya chini kabisa ambayo gari linaweza kushika, na kwenye gari hili ni karibu nusu bar. Kontrola inaweza kupandisha kutoka hapo, haiwezi kushusha chini ya hapo.

Inapandisha kwa kulificha kopo sehemu ya presha. Solenoidi iliyofungwa ilikuwa ya matundu matatu: moja linapokea kutoka kompresa, moja linakwenda kwenye kopo, moja liko wazi kwa hewa ya nje. Bila umeme, kompresa na kopo vimeungana. Ukipita umeme, kompresa inazibwa na kopo linapumua nje. Hili hutokea mara ishirini hadi thelathini kwa sekunde, na kontrola huamua solenoidi iwe na umeme kwa asilimia ngapi ya kila mzunguko. Asilimia ikipanda, kopo linapata presha kidogo, kifuniko kinabaki kimefungwa, na turbo inaendelea kusukuma. Wazo hili si geni. Mwaka 1982 Saab waliweka mfumo wa APC kwenye 900 Turbo, wakaunganisha solenoidi na sensa ya kusikia injini ikigonga, ili petroli ikiwa mbaya presha ishuke yenyewe. Mpaka leo naiona kuwa kazi safi ya uhandisi.

Kwenye gari hili, hatua ya kwanza ilikuwa kuiondoa solenoidi kabisa na kuunganisha mpira moja kwa moja kutoka kompresa hadi kwenye kopo. Gari likapimwa kwenye dainamometa, gia ya tatu, mafuta yote kuanzia mizunguko 2,500. Kipimo hiki hakigharimu kitu zaidi ya kipande cha mpira, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Kama presha ingeanza vizuri kisha ikaendelea kupanda pamoja na mizunguko, ingekuwa westigeti haimudu kupitisha moshi wote, hasa kwa gari lililofungwa ekzosi pana. Hapo hakuna kontrola inayosaidia, unapanua tundu au unabadilisha turbo. Kama ingeshuka kuelekea mizunguko ya juu, ningeshuku springi iliyochoka, katalisti iliyoziba au hewa inayovuja. Ilifika nusu bar ikatulia hapo hadi juu. Kifuniko, fimbo na springi vikawa vimeondolewa lawama.

Gia ya kwanza nayo ilijieleza hapo hapo. Mizunguko hupanda haraka mno kwenye gia hiyo, injini haipati mzigo wa kutosha, na turbo haipewi muda. Huo si ugonjwa, na asiyejua hilo ataongeza asilimia kwenye gia ya kwanza, kisha aje kuumia kwenye gia ya nne.

Baadaye tuliziba njia ya hewa mbele ya turbo, tukaingiza upepo wa kompresa ya gereji kupitia regyuleta, na kupaka maji ya sabuni kila kiungo. Kwenye nusu bar kulikuwa kimya. Tulipokaribia bar 1.0, mpira mfupi unaounganisha intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, na throto ukatoa povu upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Mvuke wa oili ulikuwa umeulainisha, na klemu ilikuwa imekaza ukingoni badala ya katikati. Hii ndiyo sababu jaribio la springi halikuuonyesha: ulikuwa unafunguka kwenye presha kubwa tu, na zaidi ukiwa na joto. Mchana wa 0.75 ulitoka hapo.

Uvujaji huo ulikuwa umeacha alama nyingine. EJ205 hupima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo. Hewa ikihesabiwa kisha ikatoroka njiani, kompyuta ya injini bado inamwaga petroli ya hewa yote, ndipo moshi mweusi na plagi zenye masizi. Mwenyewe alikuwa amekwisha kubadilisha plagi akidhani ni tatizo tofauti.

Bado kulikuwa na mruko wa asubuhi. Chanzo chake kilipatikana ndani ya mpira wa zamani wa kopo. Solenoidi ya kiwandani huachia presha itoke njiani, kwa hiyo Subaru huweka ndani ya mpira unaotoka kompresa kipande kidogo cha chuma chenye tundu la kama milimita moja, ili presha iingie polepole kuliko inavyotolewa. Aliyefunga solenoidi ya matundu matatu aliutumia mpira ule ule na kipande chake. Solenoidi mpya haikihitaji, maana yenyewe hufunga na kufungua njia. Matokeo yake kopo lilijazwa kupitia tundu la milimita moja. Kifuniko kilipoanza kufunguka turbo ilikuwa imekwisha kupita lengo. Kontrola ikakata, presha ikaanguka, kontrola ikaongeza, sindano ikayumba. Baridi ya asubuhi, hewa ikiwa nzito, iliukuza mruko. Tuliweka mipira mipya, mifupi, isiyo na kizuizi, na solenoidi ikahamishwa mbali na joto la turbo. Sensa ya kontrola nayo ilikuwa imechukua presha kwenye mpira wa vali ya kupumulia, ambako kipimo hutikisika kila vali ikicheza. Ikapewa njia yake yenyewe kwenye manifoldi.

Hapo ndipo kontrola ikaguswa. Geini sifuri, asilimia ndogo, kupandisha kidogo kidogo huku kipima mchanganyiko na sauti ya injini kugonga vikifuatiliwa, hadi presha iliyotulia ikakaribia 1.0. Geini ikaongezwa baadaye, kiasi cha kuziba pengo dogo lililobaki tu. Presha ya kuanzia kufanya kazi ikasetiwa mwisho.

Jambo la mwinuko linastahili umakini zaidi kuliko linavyopewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni kama kilopaskali 82 dhidi ya 101 za Mombasa. Bar 1.0 ya geji Mombasa inaidai turbo ikandamize hewa mara mbili. Nairobi inaidai mara 2.2. TD04 ni ndogo, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kuishiwa pumzi kwenye mizunguko ya juu huku bara. Kontrola inayosoma presha kamili, ikisetiwa bar 2.0 pwani, itaitafuta bar 1.2 ya geji ikiwa Nairobi, na turbo itazungushwa kupita kiasi bila dereva kubadilisha namba yoyote. Safari ya kuteremka kwenda pwani ina hatari yake pia: hewa nzito inaamsha turbo mapema, na asilimia iliyopimwa Nairobi inaweza kulipita lengo. Gari hili limepewa seti ya pili yenye asilimia ndogo zaidi, ya kuwashwa likishapita mji wa Voi njiani, na mwenyewe ameelezwa aangalie klemu ya intakula kabla ya kuanza safari.