Ufundi wa Kuchagua Kufuli

Programu inayotunza salio la pesa za simu huendeshwa na nyuzi nyingi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, na kila uzi hushughulikia muamala wake. Mfanyabiashara wa Bunia, nchini Kongo, ana dola 100. Mteja mmoja anamtumia 20 na mwingine, aliye Mahagi, anamtumia 30 papo hapo. Uzi wa kwanza unasoma 100 na kuandika 120. Wa pili, uliokwisha kusoma 100 ileile, unaandika 130. Dola 20 zimetoweka, wala hakuna mstari wa programu wenye kosa ukisomwa peke yake. Ndiyo maana ufundi wa kuzipanga nyuzi unastahili heshima: fundi wake hulazimika kuona mambo ambayo maandishi ya programu hayaonyeshi.

Dawa ya kwanza ni kufuli, linaloruhusu uzi mmoja tu kuingia penye hatari. Edsger Dijkstra alichapisha suluhisho la tatizo hili mwaka 1965. Kufuli moja kwa akaunti zote ni salama, lakini humfanya muuza samaki wa Tchomia amsubiri mtu asiyehusiana naye kabisa. Afadhali kila akaunti iwe na lake.

Hapo huzuka shida nyingine, na Kongo huionyesha vizuri, kwa sababu mteja wa huduma ya M-Pesa, iliyoanza nchini humo mwaka 2012, aweza kuwa na salio la dola na salio la faranga, kila moja likiwa na kufuli lake. Uzi unaobadili dola kuwa faranga hufunga dola kwanza, kisha hutaka faranga. Unaobadili faranga kuwa dola hufanya kinyume. Kila mmoja ukishika la kwanza, zote mbili husubiri milele. Tiba yake ni amri nyepesi inayodai nidhamu kubwa: dola hufungwa kwanza siku zote, pesa ielekee upande wowote. Amri hiyo isipoandikwa mahali pa wazi, mwandishi wa programu atakayekuja baadaye ataivunja bila kujua.

Si kila kitu kinahitaji kufuli. Idadi ya miamala ya siku huongezwa vyema kwa agizo moja la prosesa lisilogawanyika, linalolinganisha thamani na kuibadili kwa mkupuo; mashine za IBM System/370 zilikuwa nalo miaka ya 1970. Linafaa kwa namba moja. Kubadilisha fedha hugusa namba mbili, hivyo halitoshi.

Jedwali la viwango vya kubadilishia fedha husomwa mara nyingi na kubadilika mara chache. Courtois, Heymans na Parnas walieleza mwaka 1971 kufuli la wasomaji wengi na mwandishi mmoja. Lakini wasomaji wakifuatana bila kukoma, mwandishi aweza kukosa nafasi. Njia bora zaidi ni kuandaa jedwali jipya pembeni, lisilobadilishwa tena, kisha kugeuza mara moja kielekezi kinachowapeleka wasomaji kwenye jedwali. Wasomaji hawafungiwi kitu. Hapo ndipo ufundi huu unapopendeza kuliko popote.

Semafori, yaani kihesabio kinachoruhusu idadi maalumu ya nyuzi kupita kwa pamoja, hubaki kwa kazi ya kuhesabu, mathalani kuzuia miunganisho ya hifadhidata isizidi 20.

Kufuli la nyuzi, hata hivyo, hukoma kwenye mashine moja. Salio likihudumiwa na seva mbili, ulinzi huhamia kwenye hifadhidata yenyewe, ambayo huifunga safu mlalo ya akaunti hadi muamala ukamilike au ufutwe wote.