Kupewa Uzi na Kunyimwa Kalamu: Uhakiki wa Riwaya Moja

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Katika baadhi ya darsa husomwa riwaya anayonasibishiwa Bibi Aisha (r.a.), isemayo kuwa wanawake wasikalishwe ghorofani wala wasifundishwe kuandika, bali wafundishwe kusokota uzi na Sura An-Nur. Al-Hakim ameipokea katika Al-Mustadrak na kuihesabu sahihi. Adh-Dhahabi (aliyefariki 748 H) akamrudi, akasema ni ya kubuni, kwani katika isnadi yake yumo Abdul-Wahhab bin Adh-Dhahhak, ambaye Abu Hatim alimwita mwongo. Njia ya pili ina Muhammad bin Ibrahim Ash-Shami, naye Ibn Hibban alimtuhumu kubuni hadithi.

Kinyume chake, Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka Ash-Shifa bint Abdillah amfundishe Bibi Hafsa zinguo la ugonjwa wa namla, kama alivyomfundisha kuandika. Hii yatosha. Hatuna haja ya ile khabari kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpa Ash-Shifa usimamizi wa soko, maana Ibnul-Arabi ameikataa.

Ndugu msomaji, dosari ya riwaya hii haiishii kwenye isnadi. Maana yake pia inatenganisha mkono na kalamu. Tazama Kano, katika dola ya Sokoto. Msafiri Heinrich Barth alipofika huko mwaka 1851 alikuta nguo za mji huo zikiuzwa hadi Timbuktu na Tripoli. Wanaume walifuma, lakini uzi ulisokotwa na wanawake. Biashara ya eneo zima ilianzia mikononi mwao. Na katika dola hiyohiyo Nana Asma'u binti Usman dan Fodio (1793–1864) aliandaa walimu wa kike waliopeleka elimu vijijini. Baba yake alikwisha kuwakemea wanazuoni wanaowaacha wake na binti zao katika ujinga.

Msokota uzi asiyejua kuandika hulijaza soko, lakini hesabu ya bei na deni hubaki kwa mwengine. Ndivyo ilivyo leo pia kwa mwani wa Zanzibar, zao la kuuzwa nje ambalo wakulima wake wengi ni wanawake. Qur'ani imeamrisha deni liandikwe (2:282), na imethibitisha kuwa wanawake wana fungu katika walichokichuma (4:32). Ataihifadhi vipi haki hiyo aliyenyimwa kalamu?

Basi imamu akiitaja riwaya hii mimbarini, na aibainishe daraja yake. Kuinyamazia ni kumwachia Bibi Aisha neno ambalo halikuthibiti kwake.

Wallahu a'lam.