Magneti Haipigwi Nyundo

Ukipita kwa wanunuzi wa chuma chakavu pale Masasi mjini, simama kidogo uangalie kilichomo kwenye rundo. Kati ya mabati, rimu za baiskeli na majembe yaliyoisha hukosi magneti za pikipiki. Nyingine zimemeguka ukingo. Nyingine zina makovu ya tindo pande mbili zinazotazamana, pale mtu alipochomeka na kubandua. Niliinua moja yenye mbonyeo wa nyundo katikati kabisa. Sumaku zake mbili zilikuwa zimeachia na zinacheza ndani. Hakuna hata moja niliyoiona imechakaa kwa kazi, kwa sababu magneti haina cha kuchakaa. Haigusani na kitu. Inazunguka tu karibu na koili na kutoa umeme, na ikiachwa salama inaweza kuishi kuliko injini iliyofungwa nayo. Hizi zote ziliuawa siku ya kufunguliwa.

Nataka kuisifu kazi ya kuifungua bila kuiua, kwa kuwa sijasikia anayeisifu. Uwanda wa Makonde una jina duniani kwa mikono ya watu wake. Vinyago vya mpingo vimewekwa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na hiyo ni haki yao. Lakini mkono unaochomoa magneti ya pikipiki ya zamani, iliyong'ang'ania kwenye krenki miaka na miaka, nao ni mkono wa sanaa, na unaondoka bila hata kupigwa picha.

Mkono mmoja wa namna hiyo niliutazama Ndanda, chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Mtwara. Ni wa mzee ambaye watu wa pale humwita Fundi tu, bila jina. Mteja alikuwa mkulima wa korosho kutoka upande wa Newala, na pikipiki yake ni Yamaha DT 125, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, ambazo zamani walipanda mabwana shamba na watu wa miradi. Baada ya shikamoo na marahaba alieleza ugonjwa: injini inapanda yenyewe, inapiga kelele bila kuongezewa moto, na wakati mwingine inakataa kuzimika. Mzee hakuiwasha. Alisema ni sili ya krenki, upande wa magneti; imekauka, injini inavuta hewa. Sili yenyewe ni kipande cha mpira kisichofika hata thamani ya kilo mbili za korosho. Shida ni kwamba imekaa nyuma ya magneti, na magneti hiyo fundi mwingine alishaijaribu akashindwa. Alama za bisibisi zilikuwepo.

Mzee aliziangalia hizo alama kwa muda mrefu, akazipapasa kwa kidole gumba. Hakumsema aliyeziweka. Akaanza kusafisha.

Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Alisugua thredi za ndani ya magneti kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, akapuliza, akasugua tena, mpaka thredi zikang'aa moja moja. Pula, kile kifaa cha kuchomolea magneti, ikikamata thredi mbili tu zenye uchafu itazing'oa, na thredi zikishang'oka hakuna njia ya heshima iliyobaki. Nati ya krenki alishaitoa. Akairudisha kwa vidole na kuiacha usawa wa ncha, isikaze, ili ncha isitutumke chini ya bolti ya pula na magneti isiruke itakapoachia. Halafu akafungua sanduku la bati na kutoa pula, imefungwa kitambaa chenye grisi. Aliizungusha kwa mkono kuelekea kushoto. Pikipiki nyingi za aina ile hufungwa kinyume, na wapo vijana walioua thredi kwa kulazimisha kulia, wakaapa kwamba pula ni mbovu. Ikaingia yote, mpaka mwisho, bila spana. Ndipo akakaza bolti ya katikati.

Akakaza, akakaza, akaacha. Magneti haikusogea. Mteja akauliza kama haifai kuigonga kidogo ukingoni. "Mwanangu, magneti haipigwi," mzee akamjibu, na huo ndio ulikuwa mhadhara wake wote. Ukigonga ukingo sumaku zinapasuka au zinaachia. Ukibandua kwa bisibisi mbili, kava la injini, ambalo ni aluminiamu, linavunjika kabla ya chuma kusikia. Ukiwasha moto wa gesi, unaichosha sumaku na kuunguza koili. Alimwagia kitovu cha magneti maji ya moto kutoka kwenye birika, akaongeza robo mzunguko kwenye bolti, akaondoka kwenda kunywa chai. Pikipiki ilibaki pale na pula yake imekaza kama upinde.

Watu wengi hawaijui sehemu hii ya kazi, ya kuacha. Krenki imechongwa mwishoni ikawa nyembamba mbele na nene nyuma, na tundu la magneti nalo limechongwa vivyo hivyo. Vikibanwa vinang'ang'aniana kwa msuguano mtupu. Kile kichuma chenye umbo la nusu mwezi kilichopachikwa kati yao, alichokibuni Mmarekani William Woodruff, kazi yake ni kuiweka magneti mahali pake ili moto wa plagi uje kwa wakati. Kinachoishika ni ule mbano. Kwa hiyo kinachotakiwa ni mvuto ulionyooka katikati ya krenki, na muda wa ule mvuto kupenya kwenye kutu. Mzee aliporudi alishika nyundo ndogo, akagonga kichwa cha bolti ya pula mara moja tu, kwa ukali, bila kuinua mkono juu. Ikalia "tak!", sauti kavu, na magneti ikawa imeachia. Aliichomoa ikiwa safi, akaigeuza na kuchungulia ndani kama kuna skrubu au unga wa chuma ulionaswa na sumaku, akaifunika kwa karatasi. Ncha ya krenki na tundu la magneti akavifuta kwa kitambaa kikavu. Pale hapapakwi mafuta.

Ufundi huu haukuota wenyewe Ndanda. Wabenediktini walifungua misheni hapa mwaka 1906, baada ya zile za Lukuledi na Nyangao kuteketezwa katika vita vya Majimaji, na pamoja na kanisa na hospitali walijenga karakana. Mabruda walikuja na ukaidi wao wa kukarabati kila kitu, maana kipuri kilisafiri kwa meli, na vijana wa Kimwera, Kimakua na Kimakonde walisimama kando yao wakajifunza. Mzee wangu ni wa kizazi cha mwisho cha kusimama kando namna hiyo. Pula zake hakununua. Zilikerezwa karakana kutoka kwenye chuma cha ekseli ya lori, kila moja kwa thredi yake. Humo sandukuni ipo ya Suzuki, ipo ya Honda, ipo hata ya zile mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, ambazo nazo zina magneti iliyofungwa kwa mtindo uleule. Mashine hizo hufa katikati ya msimu wa ugonjwa wa ubwiriunga, wakati mkulima hana siku ya kupoteza.

Leo vijiwe vya mafundi vimejaa barabara yote, kutoka Mnazi Mmoja hadi Masasi, na vijana wake si wavivu. Wanaweza kufunga pistoni ya pikipiki ya Boxer gizani. Ila wamelelewa na duka la vipuri. Magneti ya Boxer ikipasuka mkononi mwao, mteja anaambiwa aongeze hela, na jioni mpya imeshafungwa. Hakuna aliyewahi kuwaadhibu kwa kuvunja, basi kuvunja kumekuwa sehemu ya kufungua. Linalonisikitisha ni pale mkono uleule unapowekwa juu ya DT au Honda ya zamani, ambayo magneti yake haipo dukani Masasi wala Mtwara. Pikipiki iliyobeba chanjo na mbegu kupanda mteremko wa Uwanda wa Makonde miaka thelathini inakwenda kwenye mizani kwa bei ya kilo, sababu ni mtu mmoja kukosa subira ya kikombe kimoja cha chai.

Mzee ana mtoto wa kiume anayeendesha bodaboda Mtwara mjini, na hataki sanduku lile. Kijana mmoja wa jirani aliazima pula ya Suzuki, akairudisha imekufa thredi, wala hakusema. Macho ya mzee yenyewe yameanza kukataa. Thredi siku hizi anazisoma kwa ukucha. Nje ya sanduku lile, anayehitaji pula ya Yamaha ya zamani, hapa kwetu, anaambiwa asubiri iulizwe Dar es Salaam, na hao wanaosubiri ni wachache sana.