Kabla ya Kununua Spea

Ustadi wa fundi wa magari hupimwa vizuri zaidi gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma katika ile hali ambayo gereji nyingi huiita sailensi. Injini ya petroli ya silinda nne iliyokwisha kupata moto huzunguka hapo takriban mara 600 hadi 850 kwa dakika, na hewa inayoingia ni kidogo mno kwa sababu throtoli imekaribia kufunga kabisa. Mpira wa vakyumu ukipata ufa, hupitisha hewa ambayo sensa haikuipima. Kompyuta inamwaga mafuta kwa hesabu ya hewa iliyopimwa tu, mchanganyiko unapungukiwa mafuta, injini inatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka. Kanyaga eksileta hadi mizunguko 2,500: hewa iliyopimwa inakuwa nyingi, ile ya kwenye ufa inabaki sehemu ndogo, na gari linatulia. Anayejua kusoma tofauti hiyo amekwisha kupunguza washukiwa kabla hajashika spana. Na mshale ukitulia ilhali usukani unatetemeka, ataanza kwa kukagua mauntini za injini.

Wapo wasemao kwamba mashine ya kupimia imeimaliza kazi hii. Lakini kodi P0171 inayoonyeshwa na mashine hiyo husema tu kwamba mafuta ni machache kulinganisha na hewa. Haisemi ni kwa nini. Huenda mpira unavuja, huenda sensa ya hewa imechafuka, huenda pampu ya mafuta imechoka. Jibu limo katika tarakimu zinazobadilika injini ikiwaka, na hizo zinahitaji msomaji. Nyongeza ya mafuta ikiwa kubwa kwenye sailensi kisha ikashuka mizunguko inapopanda, tafuta uvujaji. Ikizidi kadiri injini inavyopewa kazi, geukia pampu, filta au sensa. Hata kusafisha throtoli, dawa ambayo wengi huikimbilia, kunadai maarifa. Kwenye throtoli ya umeme, kompyuta ilikwisha kuzoea masizi. Yakiondolewa, sailensi yaweza kupanda hadi ijifunze upya, na fundi asiyelijua hilo atahangaika na ubovu alioutengeneza mwenyewe.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha: mteja huona spea mpya, haoni kufikiri, hivyo kubadilisha kunalipa kuliko kupima. Ni kweli, na ndiyo maana kazi ya kupima inastahili kutetewa hadharani. Gari linapomisi, na kila silinda ina koili yake, fundi makini huzima silinda moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikizimwa mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Huhamishia koili yake kwa jirani. Ubovu ukihama nayo, koili imekufa. Ukibaki palepale, anajaribu plagi, kisha noseli na kompresheni. Mwenye gari atanunua koili moja, na fundi anastahili malipo kwa zile tatu alizoziacha mahali pake.